Kelele iliyotaka kumeza kahawa ya baba mdogo

Masikio bado yananivuma. Wiki iliyopita niliwaahidi kuendelea na yale mambo ya michango ya harusi. Naomba mnivumilie, harusi zipo tu, hazikimbii. Wiki hii nina kisa cha gari. Dada zangu msifungue ukurasa mwingine! Kisa hiki kina kahawa ndani yake, kina ada ya chuo, kina uongo mdogo, na mkosaji wake mtamjua mwishoni.

Baba mdogo anakaa Mbinga mjini. Ana pikapu ya Land Cruiser ya mwaka 1992, ile ngumu ya dizeli, ya fo-wili, yaani ukitaka injini isukume magurudumu yote manne unaiambia na inasukuma. Si gari la kuuzia sura. Linapeleka mbolea vijijini, linashusha mahindi Mbamba Bay, linapandisha usipa kutoka ziwani, na usiku wa manane likigongewa geti linabeba mama mjamzito kwenda hospitali. Gari hilo ndilo lililonisomesha mpaka kidato cha nne. Ile F yangu ya Fizikia niliipata kwa juhudi zangu binafsi, gari lisilaumiwe.

Basi bwana, masika yalipokuwa yanaishia, gari likaanza kusema. Mwanzo lilisema neno moja tu: ko! Ukiachia klachi, ko! Ukitoa mguu kwenye mafuta, ko! Baada ya wiki mbili likaongeza hotuba. Likifika spidi hamsini, chini ya miguu yetu kunaanza mngurumo kama mashine ya kusaga, mpaka chupa ya maji kwenye dashibodi inacheza sindimba. Na ukikata kona ya kubana, pale pa kuingia sokoni, matairi yanalia chwiii na gari linakuwa zito kama kuna mtu amelishika kwa nyuma.

Abiria wa Kitanzania mnawajua. Wote ni mafundi. Aliyekaa mbele akasema ni beringi. Wa nyuma juu ya magunia akasema ni injini inataka kukatika mguu. Mama mmoja mwenye kuku wake akasema gari limetupiwa kitu, akashuka akapanda bodaboda. Baba mdogo akaongeza sauti ya redio. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kila dereva, na haijawahi kuponya gari lolote.

Redio iliposhindwa, tukaenda gereji. Jina sitaji, tunaishi mji mmoja. Fundi akaingia uvunguni, dakika mbili akatoka anafuta mikono, akasema kwa sauti ya daktari anayetoa habari za msiba: "Mzee, difu ya mbele imekwisha. Na gia boksi nayo siiamini." Spea ziagizwe Dar es Salaam. Jumla milioni mbili na nusu, nusu itangulie.

Hakuliendesha gari hata mita kumi. Hakuuliza linalia saa ngapi. Mimi nilikaa kimya, maana aliyefeli Fizikia anamuuliza nini fundi?

Milioni mbili na nusu baba mdogo hana. Alichonacho ni kahawa, na kahawa yenyewe ilikuwa bado ya kijani mtini. Wasomaji wa huko kwetu mshajua ninakokwenda. Ninakwenda kwenye magoma.

Kwa wa mikoani kwingine, magoma ni hivi: mwenye pesa anamfuata mkulima mwenye shida, anainunua kahawa ikiwa ingali shambani, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, kahawa uliyoipalilia mwaka mzima inavunwa jina la mtu mwingine. Bukoba wanaita butura. Jina ni tofauti, kilio ni kimoja.

Jamaa wa magoma hahitaji kutafutwa. Jioni hiyo hiyo alikuwa sebuleni, pesa ndani ya mfuko wa rambo. Mama mdogo alikuwa jikoni anasonga ugali, na mwiko ulikuwa unagonga sufuria kuliko kawaida. Kahawa ile ndiyo iliyokuwa ada ya binti yao anayesoma uuguzi. Akatoka na mwiko mkononi, akauliza taratibu: "Baba, tukiiuza leo, mwezi wa tisa mtoto atalipiwa na difu?"

Hakuna aliyejibu. Baba mdogo akamwambia jamaa arudi kesho kutwa, kwa sababu kesho yake tulikuwa na mzigo wa mahindi wa kupeleka Mbamba Bay, na mwenye mzigo alishalipa. Tukakubaliana tushuke polepole, gia ya chini, mikono ikiwa kwenye usukani na roho ikiwa kwa Mungu.

Siku hizi kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni lami tupu, kilometa 66. Zamani, kabla ya lami, njia ile masika ilikuwa ya kwenda na jembe, minyororo na wosia. Fo-wili uliiingiza Mbinga, ukaitoa ukiona ziwa. Unatoka milimani kwa Wamatengo, kwenye mashamba yao ya ngoro yanayofanana na sega la nyuki ubavuni mwa mlima, unateremka kona kwa kona mpaka Ziwa Nyasa, lililo kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Madereva wa enzi hizo waliisoma njia kwa matako. Hilo neno kumbukeni, tutalirudia.

Mbamba Bay tulishusha mahindi, halafu tukaenda kumwamkia babu mmoja, dereva mstaafu, aliyeendesha malori ya kahawa miaka mingi. Tulimkuta chini ya mwembe anashona nyavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nimewasikia tangu mlipokuwa kule juu. Hilo gari linawadai nini?"

Baba mdogo akaeleza habari ya difu, gia boksi, milioni mbili na nusu. Babu hakusogea kuliko na gari. Akasema: "Mwanangu, ukienda hospitali, daktari anaanza na kisu? Si anakuuliza kwanza panauma wapi, panauma lini?" Akaweka wavu chini, akaanza kuuliza. Mimi nikatoa kalamu. Andikeni na nyie, iko siku mtanishukuru.

Swali la kwanza: kelele inafuata injini au inafuata mwendo? Tukasimamisha gari, babu akaniambia nipige resi. Kimya. Nikanyage klachi, niachie. Kimya. Tukaenda barabarani, tukafika hamsini, akaamuru niweke gia huru, gari liserereke lenyewe mahali palipo sawa na peupe. Mngurumo ukaendelea vile vile, halafu ukapungua kadiri gari lilivyopungua mwendo. Babu akatabasamu. "Injini mwachilieni, haina kesi. Kinacholia kinazunguka pamoja na magurudumu. Tumebakiwa na propela, difu na beringi za magurudumu." Tazama hapo! Nusu ya gari imefutiwa mashitaka, na hakuna nati iliyofunguliwa.

Swali la pili: inalia namna gani, na mguu wako uko wapi? Babu akatufundisha lugha yenyewe. Kelele ya wiii kama mbu, inayokuja ukikanyaga mafuta na kukatika ukitoa, hiyo mara nyingi ni meno ya difu. Mngurumo unaobadilika ukiyumbisha usukani kidogo kushoto na kulia, shuku beringi ya gurudumu. Ka-ka-ka ukikata usukani mpaka mwisho, angalia kiungio kilicho ndani ya mguu wa gurudumu la mbele. Na ko! inayokuja pale unapobadilisha, kutoka kukanyaga mpaka kuachia, hiyo inasema kuna kitu kimelegea, kinatoka upande huu na kugonga upande ule. Akaongeza: "Ndiyo maana njia yetu hii ni hospitali kubwa. Mkishuka, magurudumu yanaisukuma injini. Mkipanda, injini inayasukuma magurudumu. Sikilizeni kote kuwili, kelele itajitaja yenyewe."

Yetu ilikuwa ko. Haikuwa wiii. Yaani ile difu iliyohukumiwa Mbinga haijatoa hata ushahidi.

Swali la tatu: kona ya kubana inakuwaje? Nikamwambia matairi yanalia na gari linagoma. Hapo tabasamu la babu likakatika. Akamgeukia baba mdogo: "Fo-wili mliiingiza lini mara ya mwisho?"

Kimya kikapita kama tela.

Tuliiingiza masika, wiki nyingi nyuma, kwenye kilima cha matope tulipokwama na mbolea. Baba mdogo akasema, "Lakini niliitoa." Babu akainuka, akachungulia ndani. Pembeni ya gia ndogo ya fo-wili tulikuwa tumebananisha dumu la dizeli na jeki. Akatoa dumu. Gia ndogo ilikuwa imerudi nusu tu! Taa ya kuonyesha kwamba fo-wili imeingia haikuwaka, maana globu yake ilikufa mwaka usiojulikana, na nani wa kununua globu ya taa asiyoiangalia? Halafu babu akaenda magurudumu ya mbele, kwenye zile habu za katikati zinazozungushwa kwa mkono. Kulia imeandikwa LOCK. Kushoto LOCK.

Kumbe tumetembea lami yote ile na fo-wili imefungwa!

Sasa msomaji utauliza, si ndiyo vizuri, magurudumu manne yanasukuma? Mimi pia nilifikiri hivyo. Babu akatuonyesha wavuvi waliokuwa wanapandisha mtumbwi ufukweni. "Wakikata kona, wa mbele na wa nyuma wanapita njia moja?" Hapana, wa mbele anapita nje, anatembea parefu zaidi. Na gari ni hivyo hivyo: kwenye kona magurudumu ya mbele yanatembea safari ndefu kuliko ya nyuma. Ukifunga fo-wili ya aina hii, propela ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawasawa. Kwenye matope hakuna taabu, tairi linateleza kidogo, deni linalipwa. Kwenye lami kavu tairi halitelezi. Deni linarudi ndani, linasokota propela, krosi na meno ya difu kama unavyokamua nguo. Ndiyo chwiii, ndiyo uzito, ndiyo mafuta kuisha upesi. Akatuonyesha na matairi ya mbele, yamelika kama yamepigwa msasa.

Fo-wili iliyosokoteka haitoki kwa nguvu za mkono, inang'ang'ania. Babu akamwambia baba mdogo arudi nyuma taratibu, mita chache, akichezesha usukani, huku anavuta gia ndogo. Ghafla chini kukalia taa! kama mti mkavu umevunjika. Kuku wakakimbia, na mimi nikakimbia nao. Gia ndogo ikatoka laini kama kisu kwenye parachichi. Tukazungusha habu zote mbili mpaka FREE.

Tukaingia barabarani. Hamsini, sitini. Wasomaji wangu, ilikuwa kama mtu amezima mashine ya kusaga. Baba mdogo akazima na redio, asikilize ule ukimya.

Mimi nikaona kazi imekwisha. Babu akasema bado. Habu zikiwa wazi na fo-wili imetoka, propela ya mbele haizunguki, kwa hiyo tumejua tu kwamba mgonjwa yuko mbele. Jina lake bado. Difu ya mbele nayo iko huko huko, na pengine yule fundi ana haki.

Tukaegesha pasawa, mawe mbele na nyuma ya matairi (hili msilifanyie mzaha, gari limeua wengi likiwa limeegeshwa). Babu akanituma uvunguni nishike propela ya mbele nijaribu kuisokota. Kwenye krosi, kile kiungio chenye umbo la msalaba, ilicheza kabisa, na pembeni ya vikombe vyake kulikuwa na unga mwekundu wa kutu. Grisi ilishaondoka, masika yameosha. Krosi mbili, zote mahututi.

Halafu akatoa mtihani wa mwisho. Tulipiga alama kwa msumari mahali propela inapokutana na difu na gia boksi, ili irudi vile vile, tukafungua boliti, tukaitoa yote. Tukafunga habu tena. Sasa magurudumu yanaizungusha difu ya mbele, lakini propela haipo. Kama mngurumo ni wa difu, utarudi. Tukaenda mpaka sitini.

Haukurudi.

Babu akafungua na kizibo cha oili ya difu, akatumbukiza kidole, akakisugua juani. Oili safi, haina chembe za chuma. "Difu hii," akasema, "itamzika fundi wenu."

(Angalizo kwa wenye Land Rover 110 na magari mengine ambayo fo-wili yake ni ya kudumu: ukitoa propela ya mbele, gari halitakwenda mpaka ufunge ile difu ya katikati. Msije mkanitukana.)

Tukapandisha Mbinga propela ikiwa nyuma kwenye bodi, imelala juu ya ndoo za usipa kama muwa. Na hapo njiani ndipo nilipotoa kile kilichokuwa kinanikaba, kwa sababu tangu babu alipoisoma ile LOCK ya kwanza nilikuwa nimemeza jiwe.

Siku ile ya matope, aliyeshuka kufunga habu ni mimi. Tulipotoka kwenye matope baba mdogo aliniuliza, "Umefungua?" Nilikuwa na simu mkononi, kuna mtu ananiandikia (msiulize nani), na nje kulikuwa na tope la magoti. Nikajibu, "Tayari." Neno moja. Kama habu zingekuwa wazi, ile gia ndogo ingebaki nusu mpaka Krismasi na magurudumu ya mbele yasingesikia lolote. Na kama gia ndogo ingetoka yote, habu zangu zisingedhuru. Ilibidi makosa mawili yakutane, lake na langu, ndipo kahawa ya mama mdogo iwekwe sokoni.

Nikamwambia yote. Akaendesha kona nne hajasema neno. Kona ya tano akasema, "Na mimi gia sikuitazama." Basi. Kwetu huo ni msamaha kamili, una muhuri.

Krosi mbili, grisi, na kazi ya fundi mwingine aliyekubali kupanda gari kwanza asikilize, havikufika laki mbili. Na globu ya taa, shilingi za kununulia maandazi tu. Jamaa wa magoma alirudi kesho yake na mfuko wake wa rambo. Mama mdogo ndiye aliyempokea. Akamkaribisha chai, akamwambia kahawa bado haijaiva, ikiiva itapita kwenye chama kama za wenzake. Jamaa akanywa chai akaondoka. Mwiko safari hii haukugonga sufuria.

Sisemi yule fundi wa kwanza ni mwizi. Inawezekana alisikia sauti mbele, akataja kitu kikubwa zaidi kilichoko mbele. Lakini tofauti ya kusikia na kusikiliza ilikuwa inatugharimu mavuno ya mwaka. Kwa hiyo msomaji wangu, gari likianza kusema, usimpelekee fundi jina la ugonjwa, wala usikubali akupe jina kabla hajapanda. Mpelekee majibu: linalia kwa injini au kwa mwendo? Ukikanyaga au ukiachia? Kwenye kona linafanyaje? Nini kilibadilika kabla halijaanza? Mwambie, "Panda tuzunguke." Akikataa kupanda, na wewe kataa kulipa.

Na utingo wenzangu, ukiulizwa "Umefungua?" shuka ukaangalie. Viatu vinaoshwa.

Harusi wiki ijayo, panapo majaliwa. Mkae salama.